Jinsi ya kuchagua bastola ya .22 kwa ajili ya shabaha: mwongozo kamili kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini

Kamwene wakuu. Hii ni ya mtu aliyeko Mbeya, Iringa, Njombe, Mafinga au Songwe ambaye anataka bastola moja ya silinda (rivolva) ya .22, yaani ya risasi yenye kipenyo cha kama inchi 0.22, kwa ajili ya shabaha tu, yaani sio ya ulinzi wala ya kutembea nayo kiunoni, ni ya kusimama mita 15 mbele ya karatasi na kuhangaika mpaka matundu sita yakae karibu karibu. Ni mchezo mzuri mno, unatuliza kichwa na unamfundisha mtu uvumilivu wa mkono na wa pumzi, na mimi naupenda kiasi kwamba inaniuma nikiona mtu ameingia kwa hamu halafu anakata tamaa kwa sababu tu alinunua kitu ambacho hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Shika jambo moja kabla hatujaanza maana mengine yote yanasimama juu yake. Leseni ya kwetu inaandikwa kwa silaha fulani na namba yake, kwahiyo huwezi kununua leo ukaona haikufai, kesho ukabadilisha kama mtu anayebadilisha simu. Marekani mtu anaweza kuwa na bastola kumi za .22 kabatini na bado anatafuta ya kumi na moja, na ushauri mwingi unaoukuta umeandikwa kwa ajili ya huyo mtu. Wewe unachagua moja. Na kosa ninaloliona zaidi ni kwamba kwa vile risasi yake ni ndogo, watu wanaenda kuchagua na bastola yenyewe yenye mwili mdogo, mwepesi, mtutu mfupi, wakati kwa shabaha inatakiwa kinyume chake kabisa: risasi ndogo ndani ya bastola inayojaa mkononi na yenye uzito.

Hatua ya 1: Makaratasi na mahali pa kupigia, pesa baadaye

Sheria inayotuhusu ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hakuna njia ya mkato hapa na usiitafute, silaha bila leseni ni jela, na bastola ya mtu uliyoletewa "kwa bei nzuri" bila karatasi usiiguse hata kwa kidole. Anzia serikali ya mtaa au kijiji unapoishi, halafu nenda polisi wilaya ukaulize ofisi ya OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) utaratibu wa sasa hivi, fomu, ada, mafunzo, na uulize waziwazi kama sababu ya mchezo wa shabaha inakubalika kwa bastola unayoitaka. Waulize wao, usimsikilize mtu wa kijiweni. Na usilipe hata shilingi ya advansi dukani kabla hujapata majibu hayo.

Kingine cha mapema ni mahali. Usidhani ukiwa na shamba Igurusi au kilima nyuma ya nyumba basi tayari una uwanja. Risasi ya .22 LR (yaani Long Rifle, ndio .22 ya kawaida) ni gramu 2.6 tu lakini ikipigwa kuelekea juu inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na inaua. Milima yetu inadanganya sana, unaona mbele hakuna mtu kumbe nyuma ya mgongo wa kilima kuna mama yuko kwenye viazi vyake na watoto wanachunga mbuzi. Msitu wa Sao Hill sio uwanja wa mazoezi, na Kitulo au Ruaha ndio kabisa usithubutu. Unahitaji uwanja unaotambulika na wenye tuta nene la udongo nyuma ya shabaha, hata kama itabidi usafiri. Kama hujui utapigia wapi, bado hujafikia kununua.

Hatua ya 2: Ielewe risasi kwanza

Risasi za .22 ni zile wanaziita rimfaya, yaani dawa ya kuwashia haipo kwenye fataki ya katikati, imesambazwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Nyundo inapopiga, pini inaubana ule ukingo, dawa inawaka, baruti inafuata. Ni teknolojia ya zamani sana, .22 Short ilitoka mwaka 1857 pamoja na bastola ya silinda ya kwanza ya kampuni ya Marekani ya Smith & Wesson, na .22 Long Rifle ambayo ndio tunaipiga leo ilikuja 1887. Nakuambia haya kwa sababu yanaeleza tabia za hii risasi: ni rahisi kutengeneza kwahiyo ni ya bei ndogo kuliko nyingine, haina teke la kuogopesha, lakini pia ganda lake likishapigwa basi, halijazwi tena, na dawa ikiwa haikusambaa vizuri kwenye ukingo unapata risasi iliyogoma. Hata risasi nzuri inagoma mara moja moja. Ikigoma usifungue silinda haraka, bakiza mtutu umeelekea kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndio ufungue.

Kuna .22 LR na kuna .22 WMR, ya pili ndio "magnum", ilianza 1959. Hizi hazibadilishani. Ganda la WMR ni nene zaidi, haliingii kwenye tundu la silinda ya LR, lakini LR inaingia kwenye tundu la WMR ikiwa imelegea na hapo ganda linaweza kupasuka na kukurudishia moto na vipande, kwahiyo soma maandishi yaliyochorwa kwenye mtutu na silinda, usiamini maneno ya muuzaji. Kuna bastola zinauzwa na silinda mbili, moja ya LR moja ya WMR, na watu wanaona wamepata mbili kwa moja. Kwa shabaha mimi nasema achana nayo, au chukua lakini ile silinda ya magnum iache kwenye boksi. Magnum ni ghali, ina kelele zaidi, na karatasi haijali nguvu.

Katika LR yenyewe kuna za mwendo wa kawaida na za mwendo kasi. Namba zilizoandikwa kwenye boksi zimepimwa kwenye bunduki yenye mtutu mrefu, kama mita 325 kwa sekunde kwa zile za kawaida na kama 380 kwa za kasi. Kwenye bastola mtutu ni mfupi, zinapungua. Kwa shabaha chukua za kawaida, zinatulia na hazipandi na kushuka kupita mwendo wa sauti, jambo ambalo linasumbua usahihi. Ila hapa ndio pa kusimama kidogo: kabla ya kuchagua bastola uliza duka lenye leseni ni risasi gani za .22 LR zinapatikana mwaka mzima, sio leo tu. Kama zinazokuja ni za kampuni moja tu, basi bastola yako lazima iwe inazipenda hizo hizo. Ni bora bastola ya kawaida yenye risasi za uhakika kuliko bastola ya hadhi iliyokaa kabatini inasubiri mzigo.

Na wale wanaoniuliza kuhusu mwinuko, kwamba Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya bahari hewa ni nyepesi, je risasi itaenda tofauti? Kwa mita 15 au 25 usijali kabisa. Risasi yenye mwendo wa mita 300 kwa sekunde inashuka kama sentimita 1.2 tu ikifika mita 15, na kama 3.5 ikifika mita 25, hewa ya Mbeya au ya Kyela kule chini haibadilishi kitu utakachokiona kwenye karatasi. Kinachobadilika ni vidole vyako asubuhi ya Juni.

Hatua ya 3: Singo-aksheni au dabo-aksheni

Singo ni ile ya kizamani ya kikauboi, lazima uvute nyundo kwa dole gumba kila unapotaka kupiga, halafu triga inakuwa na kazi moja tu ya kuiachia. Dabo unaweza kuvuta triga tu, yenyewe inazungusha silinda, inarudisha nyundo na inaiachia, na nyingi zinakubali pia uvute nyundo kwa mkono kwanza. Kuna nyingine nyundo imefichwa ndani, hizo zinapiga kwa mvuto mrefu tu, zitoe kwenye orodha yako.

Tatizo la dabo kwenye .22 watu hawaambiwi. Ukingo wa ganda unahitaji pigo kali kuwaka, kwahiyo springi ya nyundo inawekwa ngumu, na ukichanganya na silinda ya matundu mengi unapata triga ya kilo tano na zaidi kwa mvuto mrefu. Mtu anayeanza akivuta hiyo mtutu unatambaa kila upande. Ukivuta nyundo kwanza uzito wa triga unashuka unakuwa kama kilo moja na nusu hivi, mvuto safi, mfupi, na hapo ndipo matundu yanaanza kukusanyika.

Sasa ipi? Kama bajeti ni ndogo na unataka kujifunza kwa utulivu, singo. Inajazwa risasi moja moja kupitia kile kijilango cha pembeni, inatolewa moja moja kwa kijiti, ni pole pole kweli kweli lakini kwa anayejifunza hiyo ni faida maana inakupa muda wa kufikiria kila risasi na boksi la 50 linakaa. Pia haina vyuma vingi ndani vya kuharibika, na mafundi wa silaha huku kwetu sio wa kila kona. Kama pesa ipo na unajua utaendelea na huu mchezo miaka, basi dabo yenye nyundo ya nje, ambayo silinda inatoka pembeni. Ina jambo moja ninalolithamini sana, ukisukuma silinda nje kila mtu uwanjani anaona kwa macho kwamba haina kitu. Kwa singo lazima uzungushe tundu moja moja na kuhesabu, na watu wavivu wanaishia kuhesabu nusu.

Singo za zamani zina hatari yake. Ruger Single-Six, singo ya kampuni ya Ruger ya Marekani, ilitoka 1953, lakini ni kuanzia 1973 ndio wakaweka kile chuma cha kati kinachopeleka pigo la nyundo kwenye pini pale tu triga inapokuwa imevutwa. Zile za kabla ya hapo, kama hazikufanyiwa marekebisho, zikianguka na nyundo imelala juu ya risasi zinaweza kulipuka, ndio maana wazee walikuwa wanajaza tano na kuacha tundu moja tupu chini ya nyundo. Ukikutana na ya zamani ya aina yoyote, ichukulie hivyo.

Hatua ya 4: Mtutu, vilengeo, uzito

Hapa naomba usome taratibu. Unapolenga unapanga kilengeo cha mbele katikati ya mfereji wa kilengeo cha nyuma. Mkono wa binadamu hauwezi kupanga kamili, lazima kuna kosa. Tuseme umekosea milimita moja. Kama umbali kati ya vilengeo viwili ni sentimita 20, kosa hilo kwenye karatasi ya mita 15 linakuwa milimita 75. Kama umbali ni sentimita 10, kosa lile lile linakuwa milimita 150, yaani umetoka katikati mpaka nje ya karatasi. Mkono ni ule ule, jicho ni lile lile, tofauti ni urefu wa mtutu tu. Kwahiyo bastola yenye mtutu wa inchi mbili kwa shabaha ni kujitesa bure. Chukua inchi 4 mpaka 6. Mimi nikichagua kwa shabaha tupu nachukua 6, lakini kama mikono sio ya nguvu, ya inchi nne na nusu hivi inatosha na haielemei mbele.

Vilengeo viwe vya kurekebishika, yaani kile cha nyuma kina skrubu mbili, moja ya kupandisha na kushusha, nyingine ya kushoto na kulia. Vile vya kudumu, mfereji tu uliokatwa juu ya fremu, vinaweza kuwa sawa na vinaweza kuwa vinapiga sentimita kumi kushoto na huna la kufanya zaidi ya kulenga pembeni maisha yako yote. Kwa mtu anayechagua moja tu, hii skrubu ni ya thamani kuliko urembo wowote. Na rangi ya kilengeo cha mbele iwe inaonekana, nyeusi kwenye karatasi nyeupe ni safi, ila kwenye ukungu wa Mufindi asubuhi nyeusi inapotea, kidoa cha rangi ya chungwa kinasaidia.

Uzito. Ruger LCR ya .22 ina kama gramu 420, Smith & Wesson 617 ya inchi 6 ina kama kilo moja na robo. Ukizishika dukani kwa dakika moja, ile ya kwanza ni tamu kuliko ya pili, ndio maana watu wanadanganyika. Ya pili inakaa, haitetemeki na kila mpigo wa moyo, triga ikivutwa haiendi nayo. Kati ya gramu 850 na kilo moja na robo ndipo pazuri. Kwa mama au kijana mwenye mkono mwembamba nashauri 850 mpaka 950, halafu aishike kwa mikono miwili, hakuna aibu yoyote.

Hatua ya 5: Kishikio

Fupi tu. Ishike kawaida, dole la shahada likiwa limenyooka juu ya fremu nje ya triga. Mfupa wa mkono wako unyooke na mtutu. Kidole kidogo kiwe na mahali pa kukaa, kisining'inie hewani. Sasa baada ya kuhakikisha ni tupu, weka dole kwenye triga, sehemu ya kwanza ya ncha ya kidole iifikie bila kugeuza mkono. Isipofikia, bastola ni kubwa kwako au kishikio ni kinene, na vishikio vingi vinabadilishwa, uliza. Kama ulishaamua kupiga na glavu nyembamba kwa baridi ya Makete au Njombe, ijaribu na hizo glavu dukani.

Hatua ya 6: Majina ya kuulizia

Sitakuorodheshea zote. Upande wa bei ya chini ziko singo za Heritage Rough Rider na Ruger Wrangler, hii ya pili ilitoka 2019, fremu ya alumini, vilengeo vya kudumu. Ni bastola za kweli, zinapiga, lakini kumbuka nilichosema kuhusu skrubu. Super Wrangler ya 2023 ina fremu ya chuma, vilengeo vya kurekebishika na silinda mbili, kwa mtu wa singo mwenye pesa ya wastani naiona ndio yenye akili zaidi. Juu yake ni Single-Six yenyewe, chuma kizuri, inadumu kumpita mwenye nayo.

Za dabo, Ruger SP101 ya .22 inabeba nane, mtutu wa inchi 4.2, imara kupita kiasi ingawa triga yake ya mvuto mrefu ni nzito. Smith & Wesson Model 617 inabeba kumi, stenlesi, vilengeo vizuri sana, na ni mtoto wa ukoo wa K-22 ulioanza 1931 kwa kazi hii hii ya shabaha. Kama ningeambiwa nichague moja na pesa sio tatizo ni hiyo. Ukiikuta Model 17 ya zamani ya kampuni hiyo hiyo yenye karatasi safi na imetunzwa, usiidharau kwa sababu ya umri. Taurus nazo zipo, kwenye 94 na 942 kagua moja moja kwa makini maana triga zake hazifanani. Kutoka Ujerumani Weihrauch, wengine wanazijua kwa jina la Arminius, ni nzito na za kazi. Vile vibastola vidogo vya North American Arms vya risasi tano vinavyokaa kwenye kiganja vina gramu mia na kitu tu, vinapendeza, lakini kwa shabaha havikusaidii chochote.

Inayopatikana kihalali na yenye risasi za kuaminika ndio inashinda mjadala, hata kama sio niliyoitaja.

Hatua ya 7: Kuikagua dukani

Usione aibu kuchukua muda. Safari ya kutoka Mbeya mpaka Dar kwa basi ni siku nzima, sasa kwanini ukague dakika tano? Beba tochi ndogo na ile fila geji fundi pikipiki anayotumia kupimia vali, Mwanjelwa zipo. Omba ruhusa ya kila unachofanya, muuzaji mzuri atafurahi.

Kwanza fungua, angalia matundu yote, ingiza ncha ya kidole kama una shaka, elekeza mtutu upande salama, na uendelee hivyo hivyo hata kama umeshaikagua dakika moja iliyopita.

Linganisha namba iliyochorwa kwenye fremu na ile ya kwenye makaratasi, herufi kwa herufi. Ikitofautiana hata kwa tarakimu moja, rudisha, ondoka.

Halafu vuta nyundo pole pole sana huku kidole cha mkono mwingine kikiigusa silinda kwa kuibania kidogo. Sikiliza na angalia: silinda inatakiwa ijifunge kwenye mfuo wake kabla au wakati ule ule nyundo inapofika mwisho. Nyundo ikifika mwisho na silinda bado inahitaji kusukumwa, tundu halijalingana na mtutu, na risasi itaparua ukingo na kurusha vipande vya madini ya risasi pembeni. Fanya kwa kila tundu, sita ni sita, kumi ni kumi. Za matundu kumi silinda inazunguka digrii 36 tu kila mara kwahiyo uchakavu kidogo unaonekana haraka.

Nyundo ikiwa imevutwa, isukume mbele kwa dole gumba kwa nguvu ya kawaida bila kugusa triga. Ikianguka, hiyo bastola sio salama, maliza mazungumzo.

Sasa itingishe silinda mbele na nyuma. Mchezo kidogo sana ni kawaida, ila ukisikia kabisa inagonga, kuna uchakavu. Pima nafasi kati ya silinda na mtutu kwa fila geji, milimita 0.10 mpaka 0.20 ni nzuri, ikizidi 0.25 anza kuuliza maswali magumu. Kwenye hiyo nafasi ndipo gesi ya moto inatokea kila unapopiga, kwahiyo vidole visikae hapo kamwe na rafiki yako asisimame usawa wa silinda.

Kitu cha .22 peke yake: angalia ukingo wa kila tundu pale pini inapopigia. Bastola iliyopigwa mara nyingi bila risasi ndani pini inachimba ukingo wa tundu, inatengeneza kidonda na kijinundu, risasi inakuwa haiingii vizuri au haiwaki. Pitisha ukucha, utakisikia. Ndio sababu usikubali muuzaji akuonyeshe triga kwa kuipiga patupu, weka risasi bandia kwanza. Baadhi ya bastola za sasa zimetengenezwa kuvumilia, kitabu chake kitakuambia.

Mwisho tochi ndani ya mtutu. Unataka mifereji iliyo wazi, inayong'aa. Kivuli cha pete katikati, kama mtutu umevimba, maana yake kuna siku risasi ilikwama ndani na nyingine ikapigwa nyuma yake. Angalia mdomo wa mtutu kama una pengo hata dogo, hapo ndipo risasi inaagana na bastola na pengo dogo linaisukuma pembeni. Vichwa vya skrubu vilivyotafunwa vinaeleza kuna mtu asiyejua aliifungua.

Hatua ya 8: Hali ya hewa ya huku

Tukuyu na Rungwe mvua haziishi, Mufindi ukungu, Njombe baridi inayoingia mpaka kabatini. Bastola ya chuma cha rangi nyeusi-buluu inapata kutu huku kuliko Dodoma, usipoipangusa inaweza kuanza vidoti vidogo ndani ya siku chache tu za masika. Kama unaishi sehemu hizo na pesa inaruhusu, stenlesi. Kama ni Iringa mjini au Usangu kulikokauka yoyote ni sawa, vumbi ndio adui yako.

Usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi, ngozi inanyonya unyevu na kuubania kwenye chuma. Kitambaa chenye mafuta mepesi ya silaha, vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na kabati la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani. Risasi zikae kwenye kabati jingine lenye ufunguo wake, na watoto wasijue funguo ziliko, hata yule mkubwa mwenye adabu. Ukitoka nje kwenye baridi ukaingia sebuleni kwenye joto la jiko, chuma kinatoa jasho, iache itulie, ipanguse, ndio ufungie.

Kwenye bajeti toa kabisa pesa ya kuziba masikio na miwani kabla ya kuhesabu ya bastola. Bastola ya .22 haisikiki kubwa lakini inavuka kiwango cha kuumiza masikio moja kwa moja, na masikio yakishaumia hayarudi. Sabuni na maji pia, risasi ni madini ya risasi kweli, usile ndizi wala mahindi ya kuchoma uwanjani kabla hujanawa, na nguo za uwanjani zisichanganywe na za mtoto.

Hatua ya 9: Siku ya kwanza uwanjani

Usianze kwa kurekebisha vilengeo. Chukua kalamu ya maka, andika namba nyuma ya silinda kando ya kila tundu. Weka karatasi mita 15, kaa, mikono juu ya mfuko wa mchanga, vuta nyundo kwa dole gumba kila mara. Piga risasi tano kutoka tundu namba 1 peke yake, badilisha karatasi, kisha namba 2, hivyo hivyo mpaka zote. Inakula risasi lakini ni taarifa ambayo hutaipata kwa njia nyingine, maana silinda ni sawa na bastola sita tofauti zinazotumia mtutu mmoja. Mara nyingi utakuta tundu moja linatupa pembeni peke yake, na hapo unajua kumbe sio mkono wako. Kama bastola ni mpya na tundu linatupa vibaya sana, rudi dukani na zile karatasi mkononi ukiwa bado ndani ya dhamana.

Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, puu badala ya paa, simama hapo hapo. Usivute tena. Subiri, fungua, toa zote, angalia mtutu kama kuna risasi imekwama kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu aina za risasi. Rudia na boksi mbili tatu za aina tofauti zinazopatikana, kaa pale pale, kwenye mfuko ule ule, andika kila karatasi. Aina moja itakusanya matundu vizuri kuliko nyingine na wala sio lazima iwe ya ghali. Ukishaijua ndio urekebishe vilengeo kwa hiyo, kilengeo cha nyuma kinasogezwa upande ule unaotaka matundu yaende: matundu yako kushoto, kisogeze kulia, yako chini, kipandishe. Robo ya mzunguko wa skrubu, risasi tano, angalia, tena robo. Matundu yakikaa katikati weka alama ndogo ya rangi kwenye skrubu ujue ilipokuwa, na nunua boksi za kutosha za aina hiyo hiyo kadri leseni yako inavyoruhusu.